Bei ilifungwa, mlango ukaachwa wazi: kisa cha pango la nyumba San Francisco, 1994

Chukua majengo mawili yaliyopakana San Francisco. La kwanza lilikamilika mwaka 1978, la pili 1981. Yote mawili yana fleti tatu, moja juu ya nyingine. Mwenye nyumba anakaa chini, wapangaji wawili wako juu, na pango ni lile lile kwa kila fleti. Tarehe 8 Novemba 1994 watu wa jiji wanapiga kura, na matokeo yakishatoka, mpangaji wa jengo la kwanza anapata kinga ambayo jirani yake hana: pango lake halitapanda tena kuliko kiwango kilichowekwa na jiji. Hakuulizwa kipato wala umri, na hakujaza fomu. Kilichomtofautisha na jirani ni mwaka ambao fundi wa miaka mingi iliyopita alimaliza kazi yake.

Majengo haya nimeyabuni, lakini mpaka ulioyatenganisha ni wa kweli, na ndio uliofanya kisa hiki kisomwe kuliko karibu kisa kingine chochote cha udhibiti wa pango.

Kwanza neno moja la lugha. Kiswahili kina "kodi" ya mwenye nyumba na "kodi" ya serikali. Kwa kawaida hakuna anayechanganyikiwa, ila katika kisa hiki zinakaribiana mno. Kwa hiyo ya mwenye nyumba nitaiita pango, na kodi itabaki kuwa ya serikali.

Mambo yalivyoanza

Chanzo cha udhibiti wa pango San Francisco ni kodi. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, lililofunga kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani yenyewe kwenye vitabu vya serikali isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi jengo litakapouzwa. Howard Jarvis, aliyekuwa mstari wa mbele wa kampeni ile, aliwaambia wapangaji kwamba nafuu ya kodi itawafikia na wao, kwa sababu mwenye nyumba akipunguziwa naye atapunguza. Kodi ikashuka, pango halikushuka. Mwaka uliofuata Santa Monica, Los Angeles na San Francisco zikapitisha sheria za kudhibiti pango.

Niseme hapa hapa jambo ambalo wenye nyumba wa California hawapendi kulisikia. Pendekezo la 13 nalo ni udhibiti, ila wa upande wao. Linamtuza aliyekaa muda mrefu na kumtwisha mgeni mzigo: majirani wawili wenye nyumba za kufanana wanaweza kulipa kodi zinazopishana mara kadhaa kwa sababu mmoja alinunua zamani na mwingine juzi. Anayelaani sheria ya pango kwa kuwapendelea wenyeji huku akiifurahia hiyo nyingine, huyo ana mizani mbili.

Sheria ya San Francisco ya Juni 1979 haikuwa kali. Ilihusu majengo yaliyopata kibali cha kukaliwa kabla ya tarehe 13 Juni 1979, na mapya yakaachwa nje ili wajenzi wasikimbie. Mpangaji akihama kwa hiari yake, mwenye nyumba alikuwa huru kumtoza anayefuata bei ya soko, kisha pango hilo jipya nalo linafungwa. Nyongeza ya kila mwaka, kuanzia 1992, ilikuwa asilimia 60 ya mfumuko wa bei, na kwa hali yoyote isizidi asilimia 7. Halafu kulikuwa na msamaha: jengo la fleti nne au pungufu ambalo mwenyewe anaishi ndani halikuguswa. Hoja ilikuwa kwamba mtu anayepishana na wapangaji wake kwenye ngazi kila asubuhi ni jirani zaidi kuliko mfanyabiashara, na hana ubavu wa kuwaonea.

Hoja nzuri, ila wajanja waliona mwanya. Kampuni zilianza kununua majengo madogo, zinamuuzia mtu mmoja kipande kidogo cha umiliki, anahamia ndani, na jengo zima linahesabika kuwa "linakaliwa na mwenyewe". Wanaharakati wa wapangaji walipofika kwenye kura ya Novemba 1994 na Pendekezo I, la kufuta msamaha huo, walikuwa na malalamiko ya kweli mkononi. Likapita kwa kura chache. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa Marekani, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walifanya kinyume: wakafuta udhibiti wa pango katika Boston, Cambridge na Brookline, nao kwa kura chache. Nchi ile ile, siku ile ile, majibu mawili tofauti.

Mwaka wa ujenzi kama kura ya kete

Ugumu wa kupima sera hii ni kwamba miji inayodhibiti pango huwa tayari ina matatizo ya pango. Ukilinganisha mji wenye udhibiti na usio nao, hujui kama unapima sheria au unapima ugonjwa uliosababisha sheria. San Francisco iliwapa watafiti kitu adimu: majengo madogo ya kabla ya mpaka ule wa Juni 1979, ambao watafiti waliuhesabu kama mwaka 1980, yakaingia, na majengo madogo ya 1980 na kuendelea yakabaki nje, katika jiji lile lile na soko lile lile. Hakuna mpangaji aliyechagua fleti mwaka 1990 akijua kwamba miaka minne baadaye tarehe ya ujenzi ingekuwa na maana.

Rebecca Diamond, Tim McQuade na Franklin Qian, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walichukua kumbukumbu za anwani za watu binafsi, wakaziunganisha na kumbukumbu za majengo, na kuwafuatilia waliokuwa wakiishi pande zote mbili za mpaka huo. Makala yao ilitoka mwaka 2019 katika jarida la American Economic Review. Tangu hapo kila kambi imekuwa ikinukuu nusu ya makala inayoipenda.

Nusu ya kwanza

Wapangaji waliopata kinga walihama kidogo kuliko wenzao, kwa tofauti inayofika asilimia 20. Hiyo peke yake isingekushangaza. Mtu mwenye pango nafuu haondoki ovyo. Kinachosimamisha msomaji ni kwamba karibu wote waliobakizwa kwenye fleti zao na sheria hii wangekuwa wameondoka San Francisco kabisa kama isingekuwepo. Kwa watu hao chaguo halikuwa kati ya fleti hii na fleti ya mtaa wa pili. Lilikuwa kati ya fleti hii na mji mwingine.

Baadhi ya wachumi huipita nusu hii kwa sentensi moja wakikimbilia hasara. Mimi nadhani inafaa kukaa hapa kidogo. Aliyenunua nyumba kwa mkopo wa riba isiyobadilika anajua mwaka huu atalipa nini na miaka kumi ijayo atalipa nini. Mpangaji hana chombo cha namna hiyo. Hakuna kampuni ya bima inayouza hati ya kusema: pango la mtaa wako likipanda maradufu, sisi tutalipa tofauti. Na haitakuwepo, kwa sababu pango likipanda linapanda kwa wateja wote kwa pamoja, na kampuni ingefilisika siku hiyo hiyo. Udhibiti wa pango unajaza pengo hilo. Ni bima dhidi ya kung'olewa mahali ulipozoea, na walioihitaji zaidi, wazee na watu waliokwisha kukaa miaka mingi, ndio waliofaidika zaidi. Vijana waliokuwa na mwaka mmoja au miwili kwenye fleti walihama hata hivyo, kwa kazi au kwa ndoa, na bima yao ikaisha bila kutumika.

Ila ni bima inayogawiwa kiajabu. Mwanasheria mwenye mshahara mnono katika jengo la 1978 anaipata yote. Mfagiaji wa ofisi yake, aliyepanga katika jengo la 1981, hapati hata senti. Na aliyeipata anaishikilia kwa kutohama. Fleti ikiwa ndogo kwake au kazi ikihamia mbali, anapiga hesabu na kubaki. Kila mwaka anaokaa, kuondoka kunakuwa ghali zaidi.

Hesabu ya mezani kwa mwenye nyumba

Sasa rudi kwenye jengo la 1978, ushuke hadi fleti ya chini. Mwenye nyumba amekaa mezani na karatasi. Tuseme kila fleti ya juu inalipa dola 1,000 kwa mwezi mwaka sheria inapoanza, na mfumuko wa bei ni asilimia 3 kila mwaka. Asilimia 60 ya hiyo ni 1.8. Baada ya miaka kumi ya nyongeza ya asilimia 1.8, pango limefika karibu dola 1,195.

Kama soko la nje nalo limetembea polepole, tuseme asilimia 2 kwa mwaka, fleti kama hiyo inapangishwa kwa dola 1,219. Pengo ni dola 24 kwa mwezi. Hakuna mtu anayeuza jengo kwa dola 24. Atalalamika kidogo, atachelewesha kupaka rangi, maisha yataendelea.

Lakini badilisha namba moja tu. Soko lipande asilimia 8 kwa mwaka. Baada ya miaka ile ile kumi fleti ya nje inapangishwa kwa dola 2,159. Pengo sasa ni dola 964 kwa mwezi kwa fleti moja, na kwa fleti mbili linapita dola 23,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba haoni tena nyongeza ndogo aliyonyimwa; anaona mshahara wa mtu mwingine ukipita chini ya mlango wake kila mwaka. Na anajua kwamba fleti ile ikiuzwa ikiwa tupu, mnunuzi atalipa kwa bei ya soko.

Namba ni za mfano, lakini zinaonyesha jambo ambalo mijadala mingi inalikosa. Udhibiti wa pango haugharimu kitu kikubwa soko likiwa tulivu, na wakati huo pia haumlindi mtu na kitu kikubwa. Soko likiwaka, kinga ya mpangaji inakuwa na thamani, na kwa kiasi kile kile, mpaka senti, hamu ya mwenye nyumba ya kutoka nayo inakua. Ni pesa ile ile inayotazamwa kutoka ghorofa mbili tofauti. Watafiti waliona hivyo hivyo mitaani: katika maeneo ambayo bei zilipanda kwa kasi kubwa zaidi, wapangaji wenye kinga hawakudumu kama kwingine. Pale walipokuwa na cha kupoteza zaidi, ndipo mwenye nyumba alipokuwa na sababu zaidi ya kuwatoa.

Na soko liliwaka kweli. Pendekezo I lilipita mwishoni mwa 1994, na miaka iliyofuata ndiyo miaka ya wimbi la kwanza la kampuni za intaneti, jiji likiwa katikati ya wimbi hilo.

Milango

Swali kwa mwenye nyumba likawa: natokaje? Sheria ilimfunga bei, haikumfunga miguu.

Mlango wa kwanza ulikuwa maelewano: mwenye nyumba anamlipa mpangaji ahame. Mpangaji anayeelewa thamani ya pango lake anaweza kuondoka na kitita kizuri. Asiyeelewa anaondoka na kidogo. Mlango wa pili ulikuwa kusema, "Nataka kukaa mwenyewe," au kumweka ndugu. Huo ulitumika vibaya kiasi kwamba mwaka 1998 wapiga kura waliubana kwa Pendekezo G: fleti moja tu kwa kila jengo, na wapangaji wa muda mrefu walio wazee au walemavu wasiguswe. Mlango ulipobanwa, watu wakahamia wa tatu. Notisi za sheria ya Ellis zikaongezeka.

Sheria ya Ellis inastahili maelezo yake, kwa sababu ndiyo bawaba ya kisa kizima. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya California iliamua kesi ya Nash dhidi ya jiji la Santa Monica. Nash alikuwa na jengo la wapangaji, alitaka kulibomoa na kutoka kwenye biashara, jiji likamnyima kibali kwa sababu nyumba za kupanga zilikuwa haba. Mahakama ikasimama na jiji. Kwa maneno mengine, jiji lingeweza kumwambia mtu: umeingia kwenye biashara ya kupangisha, hutoki. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likajibu kwa sheria ya Ellis. Hakuna jiji California linaloweza kumlazimisha mwenye nyumba aendelee kupangisha. Akiamua kufunga biashara, anatoa notisi kwa fleti zote za jengo, na wapangaji wote wanaondoka.

Baada ya hapo jengo linafanyiwa nini? Kuligawa rasmi kuwa fleti za kuuzwa moja moja kulikuwa na foleni. Jiji liliruhusu fleti 200 tu kwa mwaka, kwa kuchezesha bahati nasibu. Mawakili wakapata njia ya kando. Watu watatu wananunua jengo zima kwa ubia, kisha wanaandikiana mkataba kwamba huyu atakaa chini, huyu katikati, huyu juu. Kwenye karatasi za serikali ni jengo moja lenye wamiliki watatu. Kwa macho, ni fleti tatu zilizouzwa.

Majengo madogo yalifaa sana kwa mchezo huo. Kupata wanunuzi watatu wanaoweza kuaminiana ni kazi inayowezekana. Kupata arobaini ni ndoto. Kwa hiyo Pendekezo I lilipeleka udhibiti kwenye aina ile ile ya majengo ambayo ni rahisi kuliko zote kuondolewa sokoni. Sijui kama wangeweza kuchagua vibaya zaidi. Jengo la fleti mia haliondoki. La fleti tatu linaondoka kwa saini chache.

Nusu ya pili

Watafiti walikuta kwamba majengo yaliyoingizwa kwenye udhibiti yalikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa pointi 8 za asilimia, ya kugeuzwa kuwa fleti za kuuza au za ubia kuliko majirani wao wa baada ya 1980. Idadi ya wapangaji waliokaa ndani yake ilishuka kwa asilimia 15. Wapangaji wenye pango lililodhibitiwa hasa walipungua kwa asilimia 25, kwa kuwa majengo mengine yalivunjwa na kujengwa upya, na jengo jipya haliko chini ya sheria. Waliohamia kwenye majengo yaliyogeuzwa walikuwa na vipato vya juu, angalau kwa asilimia 18.

Kutoka hapo wakapiga hesabu ya jiji zima: upungufu huo wa nyumba za kupanga ulisukuma pango la soko juu kwa asilimia 5.1. Namba hii ndiyo inayozunguka kila mahali, na ndiyo ninayoishika kwa uangalifu kuliko zote. Asilimia 20 na asilimia 15 zimepimwa, kundi kwa kundi. Asilimia 5.1 haikupimwa, imekokotolewa kwa modeli. Haiwezi kupimwa kwa njia ile ile, kwa sababu fleti zikipotea upande mmoja wa mpaka, bei inapanda pande zote mbili, na kundi la kulinganishia nalo limeloa. Mwelekeo wake siutilii shaka. Ukubwa wake unategemea jiji lina uwezo gani wa kuziba pengo kwa kujenga.

Na uwezo huo San Francisco ilikuwa imeshajinyima. Mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya sheria ya pango, jiji lilipanga upya maeneo ya makazi na kushusha kiasi kinachoruhusiwa kujengwa. Sehemu kubwa ya mitaa ikawekewa kikomo cha urefu wa futi 40, na viwanja vingi vikabaki vya familia moja au mbili. Katika mji ambao fleti tatu zikiuzwa nyingine tatu zinajengwa mtaa wa pili, ile asilimia 15 ingekuwa usumbufu wa muda. Hapa ilikuwa tundu kwenye mtungi usiojazwa. Anayesoma kisa hiki kama hukumu dhidi ya udhibiti wa pango peke yake anasahau nani alikuwa ameshika bomba.

Anayelipa

Tuhesabu waliokuwepo siku ya kura. Wapangaji wa majengo madogo walikuwepo, na walipiga kura. Wenye nyumba walikuwepo, wachache lakini na sauti. Wapangaji wa majengo makubwa, ambao tayari walikuwa na kinga, walikuwepo na hawakuwa na sababu ya kuwanyima wenzao. Ambaye hakuwepo ni yule atakayeshuka na begi lake mwaka 2003 akitafuta chumba, na kukuta fleti tatu za jengo la 1978 zina wamiliki watatu. Huyo atapanga kwa bei ya soko, bei iliyopandishwa kidogo na kura ambayo hakuipiga, na hatajua. Hakuna kiwango kwenye risiti yake kinachosema "sehemu yako ya bima ya aliyetangulia".

Mwenye nyumba mdogo naye alilipa, hadi alipopata mlango. Hapa ndipo neno "kodi" linaporudi. Jamii iliamua kwamba watu wasing'olewe makwao kwa sababu ya bei, na uamuzi huo una gharama. Gharama za maamuzi ya jamii kwa kawaida hulipwa na kodi, kila mtu kwa uwezo wake. San Francisco iliitoza kwa waliokuwa na jengo dogo lililokamilika kabla ya Juni 1979, bila kujali kama ni kampuni yenye majengo thelathini au mjane wa fleti ya chini. Kodi yenye wigo mwembamba hivyo inakwepeka, na ilikwepwa.

Watafiti wenyewe walipendekeza bima hiyo itolewe na serikali: pango lipande kwa soko, na mpangaji aliyeathirika afidiwe kutoka kwenye mfuko wa kodi wa jumla. Kwenye karatasi ni safi. Hakuna mwenye nyumba anayekimbia, na mgeni hatozwi kwa siri. Wasiwasi wangu ni kwamba katika mji usiojenga, ruzuku ya pango ina tabia ya kupita kwenye mkono wa mpangaji na kuishia kwa mwenye nyumba. Fleti ni zile zile, wanaozigombea ni wale wale, pesa mkononi zimeongezeka. Bila kufungua ujenzi, unabadilisha tu anayelipa.

Njia nyingine ni kufunga milango yote. Wakosoaji wa makala ya Diamond na wenzake husema kwamba ilichopima ni mianya, na sheria ikizibwa vizuri fleti hazitapotea. Kuna ukweli ndani yake. Lakini kesi ya Nash inaonyesha mlango uliofungwa kabisa unavyoonekana: mtu anaambiwa hawezi kuacha biashara. Siasa za California zilivumilia hilo mwaka mmoja tu. Na kuna mlango ambao hakuna jiji linaloweza kuufunga, ule wa mjenzi asiyekuja. St. Paul, Minnesota, ilipitisha mwaka 2021 kikomo cha asilimia 3 kilichogusa hata majengo mapya. Maombi ya vibali vya ujenzi yakashuka, na mwaka uliofuata baraza la jiji likayaondoa majengo mapya chini ya sheria kwa miaka 20.

Kutoka Cambridge, ile ya kura ya upande wa pili, kuna funzo la kinyume. David Autor, Christopher Palmer na Parag Pathak walikuta kwamba kuondoa udhibiti kulichangia karibu robo ya ongezeko la dola bilioni 7.8 la thamani ya majengo katika muongo uliofuata, na sehemu kubwa ya mchango huo ilitoka kwenye majengo ambayo hayakuwahi kudhibitiwa. Mtaa mzima ulipanda. Wenye mali waliona ushindi. Aliyekuwa amepanga humo kwa pango nafuu aliona kitu kingine, na thamani ya jengo haikuandika alikokwenda.

Tarehe isiyosogea

Mwaka 1995 bunge la California lilipitisha sheria ya Costa-Hawkins. Inazuia majiji kudhibiti pango la fleti iliyoachwa wazi kwa hiari, na inagandisha mipaka ya umri wa majengo pale ilipokuwa. Kwa hiyo San Francisco haiwezi kuisogeza tarehe 13 Juni 1979 hata siku moja. Wapiga kura wa jimbo waliombwa kuilegeza mwaka 2018, tena 2020, tena 2024. Mara zote tatu wakakataa.

Kilichobadilika ni kwamba kuanzia Januari 2020 jimbo zima lina kikomo chake: asilimia 5 juu ya mfumuko wa bei, isizidi 10 kwa mwaka, na hakiligusi jengo lililo chini ya umri wa miaka 15. Umri huo unasogea wenyewe kila mwaka, bila kura. Mpangaji wa fleti ya juu katika jengo la 1981, ambalo kwa sheria ya jiji bado ni "jipya", akapata kinga yake ya kwanza jengo likiwa na karibu miaka arobaini, na ni kinga inayoruhusu pango kupanda asilimia 10 mwaka mmoja. Jengo la 1978 bado lina haki ya ile asilimia 60 ya mfumuko wa bei, mradi kuna mpangaji ndani ya kuidai.